Siku ya Sitini na Nne

Siku sitini na tatu za kwanza mshahara ulikuja mzima,
kama mgeni asiyejua kuwa mwenye nyumba ameugua.
Siku ya sitini na nne ukaja nusu.
Ndiyo sheria, alisema Bwana Lusangija wa ofisi ya utumishi,
tena kwa upole, sina la kumlaumu;
alinifungulia hata ukurasa.

Nyumbani nikakata kila kitu nusu.
Mchele. Mafuta. Luku ya nusu mwezi.
Mwenye nyumba, kule juu ya majabali ya Mabatini,
hana nusu ya chumba.

Miaka kumi na mmoja nilisimama meza ya tatu,
buti za mpira, maji ya barafu hadi vifundoni,
kisu kikiingia nyuma ya shavu la sangara
na kutokea mkiani bila kuuliza njia.
Samaki mmoja, sekunde arobaini.
Minofu ikapanda ndege.
Mimi nikapanda mlima kwenda kulala.

Baridi haikunipiga. Ilihamia.
Ilianza kidole cha shahada, mpangaji mtulivu,
ikaita ndugu zake,
mwisho mkono wote ukawa wake
na mimi ndiye niliyebisha hodi.
Kisu kiliponianguka mara ya kwanza tulicheka.
Milembe akasema labda nina mimba.

Bugando, daktari kijana alinichoma sindano kiganjani
akiniuliza, unasikia?
Nilisikia feni.
Nilisikia mtoto akilia chumba cha pili.
Akaandika.
Mama Holo, akasema, fomu ya Mfuko inataka asilimia:
mkono umepotea kwa asilimia ngapi.
Shule niliishia la saba, lakini asilimia naijua,
ni ile wanayokata.

Usiku nilijaribu kuhesabu mwenyewe.
Kufunga vifungo vya sare ya Holo, weka tano.
Kuchagua mchele, tatu, maana jirani hunisaidia.
Kumsuka,
hapo nilikwama.
Kichwa cha mtoto ni asilimia ngapi ya mama?
Nikazima taa. Luku ile.

Jumatano nilipanga foleni na bahasha yangu ya kaki.
Dada wa dirishani akasogeza kimashine chenye taa ya kijani.
Dole gumba la kulia.
Nililiinua kwa mkono wa kushoto,
nikaliweka pale kama mtu anayemlaza mgonjwa.
Kimashine kikakataa.
Futa jasho, mama. Nikafuta. Kikakataa.
Magamba, chumvi na dawa ya kuoshea meza
vilinisugua miaka yote hiyo hadi mistari ikaisha,
na sasa mkono unaitwa kuja kushuhudia
kwamba haupo.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Juu ya mkono usiosomeka sikumbuki kama walisema lolote.
Njoo Jumatatu, akasema dada, mtaalamu atakuwepo.

Nikashuka Igogo kununua mapanki.
Muuzaji akanifunulia ndoo:
vichwa, migongo, mikia,
vya kiwandani kwetu, vya asubuhi ileile.
Nikachukua mgongo mmoja nikauinua kwenye mwanga.
Pale karibu na pezi kisu kiliyumba.
Kikarudi, kikasita, kikaacha nyama nene kama kidole
urefu wa mfupa mzima.

Ni mgeni. Wiki mbili, tatu hivi. Anaogopa mfupa.
Meza ya tatu.

Sikuuliza jina lake.
Nilinunua migongo minne badala ya miwili,
na njiani, nikipanda mawe,
mfuko ukining'inia kwenye mkono unaosikia,
nilimwombea asijifunze haraka.